Vyungu vya Meksiko: Uliza Kwanza ni Bei Ipi

Wenye mitaji midogo wanaonunua vyombo vya udongo vya Meksiko vilivyochorwa kwa mkono huuliza swali moja: "Kina thamani gani?" Swali hilo halijakamilika. Chombo kimoja huwa na bei tatu, na zote ni za haki. Iko bei ya dukani, ambayo ndiyo hutazamwa kwa ajili ya bima. Iko bei ya mnadani. Na ziko fedha zinazobaki mkononi mwa muuzaji baada ya makato. Anayezichanganya hupata hasara hata kama chombo ni halisi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtungi umenunuliwa dukani kwa dola 600. Mnadani unapata dola 300, na dalali anakata asilimia 20. Mwenye mali anaondoka na dola 240. Ili zirudi dola 600 zake, bei ya mnadani lazima ifike dola 750, yaani mara mbili na nusu ya ile aliyopata. Gharama za kufungasha na kusafirisha hazimo.

Kwa hiyo hii si biashara ya kununua leo na kuuza mwezi ujao. Faida, ikiwapo, ni ya anayejua kitu ambacho muuzaji hakijui. Mwaka 1976 Mmarekani Spencer MacCallum alikuta vyungu vitatu visivyo na saini katika duka la vitu vikuukuu mjini Deming, New Mexico. Alivinunua, kisha akamtafuta aliyevifinyanga. Alimpata katika kijiji cha Mata Ortiz, jimbo la Chihuahua: Juan Quezada, aliyejifundisha mwenyewe kwa kuchunguza vigae vya kale vya Paquimé. Mwaka 1999 Quezada alipewa tuzo ya taifa ya sayansi na sanaa ya Meksiko. Alifariki mwaka 2022. Udongo wa vyungu vile vitatu haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mfinyanzi alijulikana.

Maoni yetu basi ni haya: lipia ushahidi kabla ya kulipia uzuri. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini katika soko hili kizuri kisicho na kumbukumbu huuzwa kwa bei ya pambo la kawaida.

Hata jina peke yake halitoshi. Mata Ortiz wapo wafinyanzi wengi wa ukoo wa Quezada, hivyo jina hilo chini ya chungu si lazima liwe la Juan. Talavera nayo ni jina linalolindwa na sheria ya Meksiko tangu mwaka 1995, na leo ni la karakana zilizothibitishwa za majimbo ya Puebla na Tlaxcala pekee. Hata hivyo, vyombo vingi vyenye nakshi za kufanana huuzwa kwa jina hilo. Geuza chombo, utafute alama ya karakana, na udai stakabadhi.

Kagua pia uzima wake. Kigonge taratibu kwa ukucha: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Tazama kama pako mahali palipojazwa gundi na kupakwa rangi upya, maana hapo bei hushuka. Tena, vyombo vingi vya kienyeji vya Meksiko vimeng'arishwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mfanyabiashara asiviuze kama sahani za chakula bila kuvipima.

Mwisho ni mthamini mwenyewe. Anayekuambia thamani kisha akataka kununua papo hapo ni mnunuzi, na mnunuzi hutaka bei ya chini. Anayelipwa asilimia ya thamani naye hutaka iwe juu. Nchini Marekani, mtu anayetoa sanaa kama msaada na kudai punguzo la kodi linalozidi dola 5,000 hutakiwa kuwa na tathmini ya mtaalamu, na malipo ya mtaalamu huyo hayaruhusiwi kuwa asilimia ya thamani aliyoitaja. Mwekezaji mdogo naye ajiwekee kanuni hiyo hiyo: amlipe mthamini ada maalumu, amweleze tathmini ni ya bima au ya kuuza, na apewe majibu kwa maandishi. Bila hayo, ananunua mbuzi kwenye gunia.