Mikono ya Nyumbani: Herufi za Stika kwa Garimoshi la Bati

Mtoto aliyelelewa Oraba huyajua malori kabla ya kujua kusoma. Huyaona yakiwa foleni kwenye mpaka wa Uganda na Sudani Kusini, yakingoja karatasi za forodha ndipo yavuke kuingia Kaya, naye huyatambua kwa maandishi na marembo yaliyobandikwa ubavuni. Garimoshi halijui. Reli ya kutoka Tororo ilifika Pakwach mwaka 1964 ikakomea hapo; haikufika Arua, sembuse Koboko na Oraba. Kwa hiyo garimoshi la kwanza ambalo mtoto wa huko atalishika huenda likawa lile alilotengenezewa na mzazi wake kwa makopo, mbao na waya. Hilo ndilo litakalomfundisha garimoshi ni kitu gani.

Kutokana na hayo, pambo la chombo hicho si jambo la kupuuzwa. Bati likikunjwa vizuri lakini likiachwa bila maandishi, hubaki kuwa sanduku lenye magurudumu. Maandishi ndiyo hulitaja: shirika lake, namba yake, na pengine jina lake. Na maandishi yakikosewa, mtoto hulishika kosa hilo akakua nalo. Ukurasa wa juma hili waeleza namna ya kukata na kubandika maandishi hayo kwa vinili, ile karatasi laini ya plastiki yenye gundi mgongoni ambayo watu wengi huiita stika.

MABAKI YASIYO NA KAZI

Fundi wa stika anayepamba pikipiki na malori hukata herufi zake kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Wembe mdogo wa mashine hiyo hupita juu ya vinili na kuikata, lakini hauigusi karatasi ya chini inayolinda gundi. Kila kazi ikimalizika, pembeni hubaki vipande virefu vyembamba ambavyo kwake ni takataka, na kwa mtu mwenye garimoshi la kuchezea ni akiba ya mwaka mzima. Mzazi akiviomba kwa adabu, aghalabu atavipata bure au kwa fedha kidogo.

Vinili ni za aina mbili. Ile ya bei nafuu ina unene wa karibu milimita 0.08 hadi 0.1, ni ngumu kidogo, na ikikaa juani muda mrefu hunywea na kuacha ukingo wa gundi unaodaka vumbi. Ile ya bei kubwa ina unene wa karibu milimita 0.05, nayo hulala vizuri penye mviringo. Kwa ubavu ulionyooka, ile ya kwanza yatosha. Kwa tangi la duara, mzazi atafute ya pili.

Yapo mabaki ambayo si mabaki. Ukanda mwekundu na mweupe au wa manjano unaong'aa nyuma ya lori umewekwa hapo ili dereva anayekuja usiku alione lori lililosimama gizani. Mtoto anayeubandua ili apate pambo la mchezo aweza kusababisha kifo barabarani. Wazazi walioko kambini na kwenye nyumba za polisi walijua hili kuliko wengine, nao waliseme nyumbani mapema.

KIPIMO KWANZA

Reli za Uganda zina upana wa milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Fundi akichagua kipimo cha moja kwa ishirini, kila sentimita 20 za garimoshi la kweli huwa sentimita moja nyumbani, na reli zake zitaachana kwa milimita 50. Herufi yenye kimo cha sentimita 40 kwenye kichwa cha kweli itakuwa na sentimita 2 kwenye bati. Kimo hicho mkono wa kawaida wakikata bila shida.

Katika nchi za Ulaya wapenzi wengi wa magarimoshi madogo hutumia kipimo cha moja kwa themanini na saba. Hapo herufi ileile hupungua hadi milimita 4.6, na hata mashine hupata taabu kuikata bila kuirarua. Tena unene wa vinili huonekana: milimita 0.08 zikizidishwa mara 87 hukaribia milimita 7, kana kwamba herufi ya kweli ilikatwa kutoka bamba la chuma. Kwa kipimo cha moja kwa ishirini unene huo ni milimita 1.6 tu, nao haumuudhi mtazamaji. Basi chombo kikubwa cha bati, ambacho wengine hukiona cha kimaskini, ndicho kiifaacho vinili kuliko vyote.

HERUFI ZINA MIAKA YAKE

Kabla ya wembe kugusa chochote, fundi ajiulize garimoshi lake ni la mwaka gani. Hadi mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda ilikuwa shirika moja, na herufi zake zilikuwa KUR. Mwaka huo iliunganishwa na ile ya Tanganyika, zikaja herufi EAR za reli ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ilibaki na shirika lake lenyewe, na herufi zikawa URC. Mtu mwenye kuzijua herufi hizo huweza kuitazama picha kuukuu na kuikadiria umri wake.

Majina nayo yana hadithi. Vichwa 34 vya aina ya 59, vilivyoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956, vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na kupakwa rangi ya damu ya mzee. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na hakuna vichwa vya mvuke vilivyovishinda ukubwa kwenye reli ya upana wa mita moja. Namba 5918, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Hata hivyo mzazi asianze na hicho: urefu wake ulikaribia mita 32, na kwa kipimo cha moja kwa ishirini kingekuwa mita 1.6, yaani kirefu kuliko mtoto mwenyewe.

Aina ya 60, iliyokusudiwa kwa njia zenye reli nyepesi, ilipewa majina ya magavana wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye mabamba yote ya majina hayo yaliondolewa. Kwa hiyo kichwa cha aina hiyo chenye jina la gavana na herufi URC kwa pamoja hakikuwako kamwe. Kosa la namna hiyo halionekani kwa mtoto wa miaka sita, lakini babu aliyepata kusafiri kwa reli atalitambua mara moja, na mtoto atasikia garimoshi lake likichekwa.

Kwa kazi ya kwanza yafaa kichwa cha dizeli cha URC. Umbo lake ni la sanduku, ubavu wake umenyooka, na bati la debe la mafuta ya kula lakitosha. Mahali pa herufi na namba pasibuniwe. Fundi atafute picha moja iliyo wazi, aifuate.

RUHUSA YA SIKU SABA

Askari aliyepewa ruhusa ya juma moja hupenda kuikamilisha kazi yote kwa siku mbili ili aione furaha ya mtoto. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Rangi ya mafuta ikionekana kukauka kwa juu, ndani bado hutoa hewa. Vinili ikibandikwa juu yake mapema, hewa hiyo hukosa pa kutokea, na baada ya siku chache herufi hujaa viputo.

Siku ya kwanza bati lisuguliwe kwa msasa, lifutwe vumbi, lipakwe rangi yenye kung'aa. Gundi hushika vizuri penye mng'ao kuliko penye mkwaruzo. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara hupenya hata dirishani. Sakafu inyunyizwe maji kidogo kabla ya kupaka, na chombo kifunikwe kwa sanduku la karatasi.

Siku ya pili hadi ya nne rangi iachwe ikauke. Siku hizo si za kukaa bure. Baba na mtoto wachore herufi kwenye karatasi yenye mistari, wazikate, wazishikize kwenye kopo jingine, warudi nyuma hatua tatu na kuzitazama. Mtoto ajifunze hapa kuwa nafasi kati ya herufi hupimwa kwa jicho baada ya rula. A na R zikiwekwa kwa umbali ule ule wa herufi mbili zenye ubavu ulionyooka, huonekana zimeachana mno, kwa sababu A imelala ubavu.

Siku ya tano ni ya kukata. Vinili ilazwe juu ya kioo, rula ya chuma ishikwe imara, na wembe mpya upitishwe kwa uzito mdogo, mara mbili ikibidi, hata plastiki ikatike na karatasi ya chini ibaki nzima. Mistari mirefu ya pambo ikatwe kwa mkupuo mmoja bila kusita. Ziada iondolewe kwa kibano, na matundu ya A na R yatolewe mwisho.

Siku ya sita ni ya kubandika. Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki, na vinili iliyogusa bati kavu ni vivyo hivyo: ukiivuta huvutika ikapoteza umbo. Dawa yake ni maji safi yenye tone moja la sabuni. Ubavu ulowanishwe, herufi iwekwe, isogezwe polepole hadi ikae kwenye mstari, kisha maji yakamuliwe kwa ukingo wa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda nje. Kiputo kilichobaki kitobolewe kwa sindano na kukandamizwa kwa kidole. Chombo kilale usiku kucha bila kuguswa, na siku ya saba kikabidhiwe.

Ikiwa amri ya kurudi kazini itakuja kabla rangi haijakauka, herufi zilizokatwa zihifadhiwe ndani ya kitabu, pamoja na karatasi yao ya chini, na kielelezo chenye vipimo kiachwe kwa mama. Mama na mtoto wataimaliza kazi wenyewe. Mzazi anayebandika herufi juu ya rangi mbichi kwa kuwa basi laondoka kesho humwachia mtoto chombo kitakachobanduka baba akiwa mbali. Yule anayeacha kazi nusu na maelezo kamili humwachia mtoto kazi ya kumngojea nayo.

NAMBA NDOGO NDOGO

Zipo namba ndogo ambazo vinili haiwezi kukaa nazo, hasa za mbele chini ya taa. Hapo itumike kama ngao ya rangi. Namba ikatwe, lakini safari hii namba yenyewe itolewe na kipande kinachoizunguka kibandikwe. Kiini cha sifuri, cha 6 au cha 9 kisisahauliwe, maana kikikosekana namba hugeuka kuwa doa. Rangi iguswe kwa sponji iliyo karibu kukauka, kisha vinili ibanduliwe taratibu kabla rangi haijawa ngumu.

TAHADHARI

Wembe na mkasi wa bati ni vyombo vya mkubwa. Mtoto mdogo apewe kibano, kadi na sindano butu. Kingo zote za bati zipigwe tupa au zikunjwe. Mabaki ya vinili yasitupwe jikoni wala kuwashia moto: plastiki hiyo ikiungua hutoa moshi mkali wenye sumu unaochoma macho na mapafu, na haufai karibu na chungu cha chakula. Yakusanywe kwenye kopo, yangoje kazi nyingine.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza namna ya kutengeneza mabehewa mawili ya kufuata kichwa hicho kwa mbao za masanduku ya sabuni, na jinsi ya kuyaunganisha kwa ndoano za waya zisizomkwaruza mtoto.