Kupaua Si Kuezeka

Habari hii siiandiki kama hakimu, bali kama mtu mwenye deni. Mimi ni mwalimu wa shule hapa Mpemba, karibu na Tunduma, na kwa ajili ya ualimu wangu watu huniletea karatasi zao niwasomee na kutia sahihi ya shahidi. Mwaka jana, mwezi wa Septemba, mjane mmoja jirani yangu aliniletea karatasi ya mapatano yake na fundi. Kuta za nyumba yake zilikuwa zimekwisha kusimama, za matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo. Mbao na mabati alikuwa amekwisha kununua kwa fedha ya mahindi yake. Karatasi ile ilisema kwa maneno machache kwamba fundi atapaua nyumba yote, na chini yake kiasi cha ujira. Nikaisoma, nikaiona ni njema, nikatia sahihi.

Baada ya majuma matatu fundi alikuwa amekwisha kusimamisha mbao zote za paa, kazi safi, wala sina neno juu yake. Akakusanya misumeno yake. Mama akamwuliza, "Baba fundi, na mabati je?" Akajibu, "Mama, tuliandikiana kupaua. Kuezeka ni kazi nyingine, nayo ina fedha yake." Mama hakuwa na fedha nyingine. Novemba ikaingia na mvua zake; udongo uliounga matofali ukalegea, na ukuta wa nyuma ukapinda hata tukauegemeza kwa magogo. Ndipo wazee wa mtaa walipoketi. Wengine wakasema kupaua ni kazi yote ya paa, wengine wakasema ni mbao tu. Mwisho mzee mmoja akanigeukia akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe shahidi. Neno hili maana yake nini?" Mimi niliyefundisha Kiswahili miaka 11 nikanyamaza.

Wazee wakakata shauri kwa huruma: fundi aezeke kwa nusu ya ujira aliotaka, na mama alipe baada ya mavuno. Lakini ukuta ule ulibomolewa ukajengwa tena, na gharama ilikuwa juu ya mama peke yake.

Je, fundi alidanganya? La, hakudanganya. Kwa Kiswahili cha asili, kupaua ni kusimamisha miti ya paa, yaani kuweka kenchi, makombamoyo na pau. Na kuezeka ni kulifunika paa, zamani kwa makuti au nyasi, na siku hizi kwa bati. Basi fundi alikuwa na haki ya kamusi. Lakini huku kwetu watu wengi husema kupaua kwa kazi zote mbili, hata mama naye alikuwa na haki ya mazoea. Kosa lilikuwa letu sote watatu, na kubwa kuliko yote ni langu. Maana tuliliandika neno tusiloulizana maana yake. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa maneno ya daftari hayaeleweki.

Nalisema jambo hili waziwazi kwa sababu tangu mwaka 2016, Mkoa wa Songwe ulipotengwa na Mkoa wa Mbeya, nyumba zazidi kuota kando ya barabara yetu kama uyoga. Mafundi hutoka pande zote, hata ng'ambo ya mpaka upande wa Nakonde, na kila mmoja huja na maneno yake. Nasi wenye nyumba twatikisa kichwa kana kwamba tumeelewa, kwa kuona haya ya kuuliza.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema, "Maneno ya ufundi ni ya mafundi; mwenye nyumba kazi yake ni kulipa." Nami namwuliza, mtu atalipaje kitu asichojua jina lake? Tazama zege. Fundi huchanganya kipimo kimoja cha simenti, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, akamwaga linta juu ya milango na madirisha. Zege hilo halipati nguvu kwa kukauka, kama watu wengi wadhanivyo. Hupata nguvu kwa kushikana na maji, wala nguvu yake iliyokusudiwa haihesabiwi mpaka siku 28 zitimie. Kwa hiyo yapasa limwagiliwe maji kila siku, kwa uchache siku 7 za kwanza. Je, kumwagilia ni kazi ya nani? Fundi asema ni ya mwenye nyumba, mwenye nyumba asema ni ya fundi, na zege hukauka kwa jua likapasuka. Kama neno kumwagilia lingeandikwa katika mapatano pamoja na jina la mwenye kuifanya kazi hiyo, linta ingepona. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na nyufa nyingi za nyumba zetu zilianza katika karatasi kabla hazijaonekana ukutani.

Wa pili, naye ni msomi, atasema, "Kiswahili hakina maneno ya ujenzi. Heri tuandike mapatano kwa Kiingereza." Ndugu yangu, umetazama wapi? Enenda pwani ukaione Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu wa pale ulianza kujengwa katika karne ya 11, na jumba la Husuni Kubwa likajengwa katika karne ya 14, kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo. Watu waliojenga hivyo hawakukosa maneno. Walikuwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda, vyumba vyao vya mawe vilikuwa virefu na vyembamba. Walikuwa na daka mlangoni na vidaka ukutani. Walijua kutomea, yaani kujaza nafasi za ukuta kwa vijiwe na chokaa. Wajenzi wa miti na udongo nao walikuwa na maneno yao: kukandika, ndiyo kujaza udongo katika fito za kiambaza, na kusiriba, ndiyo kuulainisha. Hata pande za paa zilitajwa mbalimbali: kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma, na visusi viwili ubavuni.

Wala simwambii mtu atupe maneno ya kigeni. Dirisha limetoka kwa Waajemi. Sakafu imetoka kwa Waarabu, na kwao maana yake ni paa. Wala si ajabu, kwa sababu katika nyumba ya ghorofa paa la aliye chini ni sakafu ya aliye juu. Kenchi imetoka kwa Wahindi, na kwao ni mkasi. Nazo mbao mbili zikiegemezana kweli zafanana na mkasi uliofunguliwa. Linta imetoka kwa Waingereza, nayo imekwisha kuwa mwenyeji. Neno la mgeni si kosa; kosa ni neno lisilojulikana na mmoja wa wapatanao.

Tena, ninyi msomao Biblia mna maneno haya nyumbani mwenu. Katika kitabu cha Kutoka mmesoma habari za damu iliyotiwa katika miimo na kizingiti cha juu; katika Amosi mmesoma habari za timazi. Lakini mtu akienda kwa seremala asema tu "fremu," wala hajui kwamba miimo ni ile miti miwili isimamayo, na kizingiti ni ule ulalao. Na fundi akisimamisha ukuta bila timazi, hajui la kumdai. Twayasoma maneno ya ujenzi kanisani, kisha twayasahau kiwanjani!

Na kama ni sheria, mwaka 2021 Bunge letu liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa hakimu ataamua kwa Kiswahili, kwa nini mjane wa Mpemba aandikiwe paa lake kwa Kiingereza?

Wa tatu ni mwenye duka, naye hasemi neno, hucheka tu, kwa kuwa ajua faida iliyo katika giza. Chukua habari ya mabati. Unene wa bati hutajwa kwa geji, na watu wengi hudhani kwamba hesabu kubwa ni bati bora. Sivyo, ni kinyume. Bati la geji 28 lina unene wa karibu milimita 0.4, la geji 30 karibu milimita 0.3, na la geji 32 ni jembamba zaidi. Nimeona mtu akiuziwa geji 32 kwa bei ya geji 28, akarudi nyumbani akijisifu kwamba ameongezewa 4. Neno moja lisiloelezwa limemtoza fedha yake, na upepo wa Agosti utamtoza lililosalia.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mapatano yaandikwe kwa Kiswahili, na kila kazi itajwe kwa jina lake peke yake: kuchimba msingi, kujenga kuta, kumwaga linta, kupaua, kuezeka, kupiga lipu, kumwaga sakafu, kutia milango na madirisha, na mbele ya kila kazi ujira wake, na nani aletaye vifaa. Pili, kabla ya sahihi, fundi na mwenye nyumba waizunguke nyumba pamoja, na kila neno lionyeshwe kwa kidole. Mafundi msichukie jambo hili. Lawalinda ninyi pia. Ni wangapi kwenu mmefanya kazi ambayo haikutajwa, mkanyimwa ujira wake? Tatu, walimu wenzangu, tuwafundishe watoto sehemu za nyumba kama tuwafundishavyo sehemu za ua na za mwili. Mtoto ajuaye stameni na asijue kombamoyo, amefundishwa nusu.

Mimi nimeanza. Ukutani katika darasa langu nimechora nyumba moja kubwa, na watoto wameandika majina 32 ya sehemu zake. Mengine waliyaleta kutoka kwa babu zao, na mengine kutoka kwa yule yule fundi, ambaye nilimwita aje awafundishe, akaja kwa furaha. Mama naye amekwisha kuhamia nyumbani kwake, na deni lake alilimaliza baada ya mavuno. Deni langu kwake bado sijalimaliza. Lakini tangu siku ile, mtu aniletaye karatasi iliyoandikwa "kupaua" tu, humrudisha nayo kwa fundi wake wakaulizane kwanza, ndipo nishike kalamu.