Kabla ya Kumcheka Aliyeuza

Kenol ni mji uliozaliwa na kituo cha mafuta, ukachukua jina lake. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019, lakini makanga bado anaita "Kenol! Kenol!" na hakuna abiria anayeuliza ni wapi. Hapa ndipo njia inapogawanyika: wa Murang'a mjini wanachepuka, wa Sagana, Karatina na Nyeri wanaendelea mbele. Na hapa ndipo kila mwenye njaa na visenti hushuka kula nyama.

Toleo hili lilianzia kwenye meza ya nyama hapo Kenol, Jumapili moja ambayo mbuzi alikataa kuiva. Nyama ikichelewa, watu hubishana. Ubishi wa kwanza ulikuwa wa ploti. Mzee mmoja pale mezani aliuza ploti yake kando ya barabara miaka mingi kabla serikali haijaanza kuipanua barabara ya Kenol, Sagana na Marua, na mjukuu wake akawa anamhesabia pesa ambazo angekuwa nazo leo. "Guka, ungengoja kidogo tu." Mzee hakugombana. Alisema karo ya babake huyo kijana ndiyo iliyokataa kungoja. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na siku hiyo mjukuu mwenyewe alikuwa ameketi pale, kidole kwenye kikokotoo cha simu.

Tukacheka. Dakika kumi baadaye meza ileile ilikuwa inawasulubu viongozi wa Gor Mahia kwa kumwachilia Meddie Kagere. Hakuna aliyeona kwamba tumerudia kesi ya ploti, ila mara hii wajukuu tulikuwa sisi sote.

Basi tuisikilize kesi hiyo ya Kagere vizuri, maana ndiyo iliyonifanya niwaombe waandishi wetu toleo zima. Tarehe 10 Juni 2018, uwanjani Afraha, Nakuru, Gor waliifunga Simba 2–0 katika fainali ya SportPesa Super Cup. Kagere alifunga moja, Jacques Tuyisenge jingine, na Gor wakapata tiketi ya kwenda Goodison Park kucheza na Everton. Kabla mwezi haujaisha Kagere alikuwa amevaa jezi ya wale aliowafunga. Msimu wake wa kwanza Dar es Salaam aliondoka na mabao 23 ya ligi na taji la mfungaji bora. Msimu wa pili mabao 22, na taji lilelile. Ukiishia hapo, aliyemwachilia hana pa kujificha.

Lakini Gor walichukua ubingwa wa Kenya mwaka huohuo wa 2018, na msimu uliofuata wakauchukua tena, Kagere akiwa ng'ambo ya Namanga. Mtetezi wa viongozi angefunga faili papo hapo. Nami nilikuwa karibu kuifunga, nikakumbuka Kombe la Shirikisho la mwaka ule. Gor walikuwa kundi moja na USM Alger, Rayon Sports na Yanga. Walimaliza na pointi 8. Rayon wakavuka na 9. Pointi moja! Kagere angeileta? Mwenye kujibu haraka hapa, kwa upande wowote, anajidanganya. Yale mabao 23 yalifungwa na mtu aliyezungukwa na Clatous Chama, Emmanuel Okwi na John Bocco. Huwezi kuyapakia kwenye lori, kuyavusha mpaka na kuyamwaga kwenye jedwali la Gor kana kwamba ni magunia ya mchele.

Sasa rudi Juni 2018 na uketi kwenye kiti cha mwenyekiti. Mezani una mshambuliaji mwenye umri wa miaka 31, ambaye mitaani utani juu ya umri wake haukukauka. Miezi michache nyuma, Januari, kampuni ya kamari ya SportPesa ilisitisha ufadhili wake wa michezo nchini kwa sababu ya kodi ya asilimia 35; imerudi, lakini nani anajua itakaa hadi lini? Ng'ambo kuna klabu yenye mwekezaji kama Mohammed Dewji, tayari kulipa. Hakuna karatasi hata moja pale mezani inayosema "mabao 23". Karatasi hiyo iliandikwa mwaka mmoja baadaye, na sisi ndio tunaoirudisha nyuma na kuiweka mbele ya mtu ambaye hakuwahi kuiona.

Hilo ndilo ombi langu katika toleo hili: mwamuzi wa usajili ahukumiwe kwa yaliyokuwa mezani siku ya kutia sahihi. Nasema hivyo nikijua kwamba tangu Murang'a SEAL ipande Ligi Kuu mwaka 2023, waamuzi hao si watu wa mbali tena. Ni majirani. Tutakutana nao kwenye foleni ya nyama.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi. Michael Olunga alichezea Thika United, mwendo mfupi tu kutoka hapa, baada ya kupitia Tusker. Mwaka 2015 akaenda Gor, akafunga mabao 19 ya ligi, na Gor wakamaliza msimu bila kupoteza mechi. Yaliyofuata yanajulikana hata na watoto wa chekechea: mabao manane katika mechi moja Japani mwaka 2019, Kashiwa Reysol wakishinda 13–1, kisha mabao 28 na tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2020. Kwa hiyo Tusker walikuwa vipofu? Watu husahau nani alikuwa mfungaji bora wa Kenya mwaka ule wa 2015. Alikuwa Jesse Were, mabao 22, mchezaji wa Tusker. Mwenye mfungaji bora nyumbani kwake hajakosa macho. Ila Were hakufunga mabao manane Japani, basi kumbukumbu zetu zimemwacha njiani.

Wamarekani ndio mabingwa wa mchezo huu wa kuhukumu. Katika soka lao la mpira wa yai kuna meneja mkuu ambaye kazi yake ni wachezaji tu, na klabu hazisajili chipukizi zinavyotaka: hupangiwa zamu ya kuchagua, na zamu zenyewe hubadilishwa kama ng'ombe na mbuzi. Ryan Grigson aliichukua Indianapolis Colts mwaka 2012. Zamu yake ya kwanza akamchagua Andrew Luck, timu ikatoka ushindi 2 hadi ushindi 11, naye akaitwa bingwa. Septemba 2013 akatoa zamu yake ya kwanza ya mwaka uliofuata ampate Trent Richardson kutoka Cleveland Browns. Wengi walimpigia makofi wiki ile. Richardson hakufua dafu, na leo jina la Grigson hutajwa pamoja na biashara hiyo kama kovu na jeraha lake. Januari 2017 alifutwa kazi.

Ninavyoona mimi, tulimsifu vibaya kabla ya kumlaumu vibaya. Luck hata mimi ningemchagua, nikiwa hapa Kenol na mkono wenye mafuta ya mbuzi; kila mtu alijua. Jicho la Grigson lilionekana kwa T.Y. Hilton, aliyechukuliwa raundi ya tatu mwaka uleule, wakati wengine wote walikuwa wamempita. Na Browns, walioonekana wajanja, waliifanya nini zamu waliyopewa? Waliitumia kupanda ngazi wakamchukua Johnny Manziel, ambaye baada ya misimu miwili hakuwa na timu. Soko zima lilikuwa limelala njaa. Mmoja tu ndiye aliyechekwa. (Huyohuyo Grigson ndiye aliyemchukua Daniel Adongo, Mkenya wa raga ambaye hakuwa amewahi kucheza mchezo huo. Hakuvuma. Bado namheshimu aliyejaribu.)

Bahati nayo ina kiti chake mezani. Januari 2010 McDonald Mariga alikuwa anakwenda Manchester City, Waingereza wakamnyima kibali cha kazi, akaishia Inter Milan, na Mei timu yake ikabeba mataji matatu. Mkurugenzi bora wa usajili katika maisha ya Mariga alikuwa karani wa vibali.

Wapo watakaosema nawagawia viongozi msamaha wa jumla. La. Kuna makosa ambayo hayahitaji muda kupita ili yaonekane. Klabu inayokaa miezi bila kulipa mishahara, mchezaji akavunja mkataba na kuondoka bure, haikudanganywa na wakati ujao. Gor Mahia wenyewe wamewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha wa zamani. Deni lina barua, na barua ina tarehe. Kwa kosa la aina hiyo nipeni rungu, nami nitakuwa wa kwanza.

Kati ya hayo mawili kuna uwanja mpana wa kubishania, na waandishi wetu wameujaza. Niliwawekea sharti moja: kabla ya hukumu, kila mmoja aandike ukurasa mzima wa yaliyojulikana siku moja kabla ya uamuzi. Mmoja, wa Nanyuki, nilimrudishia makala mara tatu kwa sababu kila mara alikuwa anachungulia mbele. Kuna makala ya Mbwana Samatta na Aston Villa, nayo imenibadilisha mawazo. Nilikuwa nasema Villa walitupa pesa: bao moja la ligi katika mechi 14. Nilikuwa nimesahau kwamba mshambuliaji wao Wesley aliumia goti tarehe 1 Januari 2020, dirisha likiwa limefunguka siku hiyohiyo, na kwamba msimu ulipoisha Villa walibaki Ligi Kuu kwa tofauti ya pointi moja. Pointi moja tena. Bao lake hilo moja, nyumbani kwa Bournemouth, lilikuwa katika mechi waliyopoteza 2–1, kwa hiyo hata mimi sijui nilipeleke upande gani.

Limebaki deni langu mwenyewe. Nilipokuwa natafuta tarehe za Kagere nilifungua daftari langu la mwaka 2018, nikakuta sentensi niliyoiandika baada ya habari za Simba kuthibitishwa: "Gor wamekwisha, ubingwa wasahau." Nimemwomba mpiga chapa auweke ukurasa huo kama ulivyo, mwandiko mbaya na yote, mwanzoni mwa makala ya kwanza. Tarehe iko juu, upande wa kulia.