Kufundisha Urithi kwa Utepe na Magunzi

Mwalimu atakayepangwa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, yaelekea atawakuta darasani watoto wa Kihadzabe, Kidatoga na Kiiraqw wameketi pamoja. Somo la urithi litakapofika, asithubutu kusema kuwa kila kabila lina damu yake. Kauli hiyo si kweli, tena humdhalilisha mtoto.

Karibu kila seli ya mwili hubeba uzi wa DNA wenye urefu wa mita mbili hivi. Uzi huo umezungushwa juu ya vifundo vya protini ziitwazo histoni, protini nane kwa kila kifundo. Palipokazwa hapasomeki kwa urahisi. Yapo makundi ya protini, mojawapo likiitwa SWI/SNF, ambayo hutumia nishati ya seli kuvisogeza vifundo au kuving'oa, ili maagizo yasomwe. Seli ya ini na ya ngozi zina uzi uleule; zinatofautiana kwa sehemu zinazosomwa.

Mfano ulio karibu nasi ni maziwa. Karibu watoto wachanga wote humeng'enya sukari ya maziwa kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani jeni yake hupungua kazi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliowachunguza Watanzania, Wakenya na Wasudani, walionyesha kuwa badiliko la herufi moja ya DNA huiwezesha jeni hiyo kuendelea na kazi ukubwani. Badiliko hilo haliko ndani ya jeni ya laktasi. Liko umbali wa herufi 14,000 hivi, mahali panapoiamrisha jeni isomwe.

Kwa hiyo, nashauri mwalimu aandike sentensi kwenye utepe wa kitambaa na kuuzungusha juu ya magunzi ya mahindi. Mwanafunzi mmoja ajaribu kusoma. Mwenzake asogeze gunzi mpaka maneno yaonekane.

Wapo watakaosema kuwa jambo hili ni zito mno kwa shule ya msingi. Naam, jina la histoni si lazima kwa mtoto, lakini maana yake ni lazima kwa mwalimu. Katika kabila moja wamo wanaoyamudu maziwa na wasioyamudu. Anayevimbiwa tumbo kwa kuyanywa asichekwe, wala asilazimishwe. Mwalimu asiyelijua hilo atamwadhibu mtoto kwa kosa lisilokuwapo.