Nani Kakwambia Kompyuta Inajua Kimombo?

Wiki hii mwenzenu nimechokozwa. Kuna jamaa yangu mtaani, fundi magari mzuri tu, alitaka kujifunza kuandika programu za kompyuta, kakata tamaa. Eti Kiingereza kilimpiga chenga tangu shule, na kompyuta ni mali ya wenye Kimombo chao.

Nikamwambia, kaa hapo kwenye tairi nikupe habari za bibi mmoja wa Marekani, Grace Hopper. Msomi wa hesabu huyu, vita vya pili vikamkuta kwenye jeshi la maji, akapangiwa mashine kubwa ya kuhesabu pale Harvard mwaka 1944. Siku hizo mashine unailisha tarakimu na alama kavu kavu. Ukikosea moja, imekula kwako.

Baadaye akahamia kwenye kampuni ya kompyuta za UNIVAC. Huko miaka ya 1950 akaja na wazo: kwa nini tusiandike maagizo kwa maneno ya kawaida, halafu mashine yenyewe iyageuze kuwa tarakimu? Uhondo uko hapa. Ili wakubwa waelewe, akawaandalia programu moja kwa Kiingereza, kisha ile ile kwa Kifaransa na Kijerumani. Lo! Wakubwa wakaja juu. Kompyuta iliyoundwa Philadelphia, Mmarekani halisi, itajuaje Kifaransa? Mwenyewe alisimulia mwaka 1978 kwamba ilimchukua miezi minne kuwatuliza, kwa kuwaahidi Kiingereza tu.

Wakubwa bwana! Mama wa watu alikuwa anawaonyesha kitu chepesi: mashine haijui lugha ya mtu yeyote. Neno ni alama tu. Ukipanga ADD iwe kujumlisha, sawa. Ukipanga JUMLISHA, sawa vile vile, inageuzwa tarakimu na kazi inaendelea.

Lugha yake ya FLOW-MATIC ndiyo iliyochangia sana COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959. Jeshi lilimstaafisha 1966, likamrudisha 1967 kwa miezi sita ili aweke sawa mambo ya COBOL. Miezi sita ya jeshi hiyo! Alitoka kabisa 1986, ana miaka 79. Na COBOL yenyewe bado ipo: Aprili 2020 gavana wa New Jersey alisimama hadharani kuomba wanaoijua wajitolee.

Jamaa kanikodolea macho. "Sasa hayo maneno ya kukariri ni mangapi?"

Nikamwambia Python, lugha wanayoanza nayo vijana wengi siku hizi, maneno yake maalumu ni 35 tu. Yeye anajua klachi, giaboksi, rejeta, kabureta na mengine chungu nzima, na hakuna Mzungu aliyemfundisha. Kafuta mikono, kaniuliza kompyuta ya mtumba inauzwaje.