Tusichome Kitabu cha Hadithi Tukamwacha Mganga

Bismillaahir Rahmaanir Rahiym



Wiki chache zilizopita mzazi mmoja alitujia madrasa baada ya Swalah ya Alasiri. Mkononi alikuwa na kitabu kinene cha Harry Potter na karatasi mbili za kutoa kopi. Kitabu alikikuta chini ya mto wa binti yake wa miaka 12, aliyekiazima kwa rafiki yake wa shule. Karatasi alipewa na jirani yake mlokole. "Ustadhi," akatuambia, "hiki ni cha kuchoma, na mtoto asomewe ruqya. Someni wenyewe Wakristo wanavyosema." Tukapokea vyote, tukamwomba atupe siku tatu.

Tulizisoma zile karatasi. Dai lake kubwa ni kwamba vitabu hivi vimewaingiza mamilioni ya watoto wa Marekani katika kumwabudu shetani, na chini yake yamepangwa maneno ya watoto wenyewe wakikiri. Ndugu zetu, dai hili tunaijua asili yake. Mwaka 2000 gazeti la Marekani liitwalo The Onion, ambalo kazi yake ni kutunga habari za uongo ili watu wacheke, liliandika habari hiyo kwa mzaha. Wale watoto hawakuwahi kuwepo. Wacha Mungu wa huko wakaisoma bila kucheka, wakaisambaza kwa barua pepe kanisa hadi kanisa, na sasa zaidi ya miaka 20 baadaye imetua Kampala, imepigwa kopi, imo mikononi mwa Muislamu. Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari tunapoletewa na asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Nasi tulikuwa karibu kumsomea ruqya mtoto mzima kwa sababu ya utani wa gazeti!

Tuwe waadilifu. Wakristo wanaopinga vitabu hivi wana msingi wao. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inakataza kupiga ramli, kuroga na kuwauliza wafu, na katika hilo hatuna ugomvi nao hata kidogo. Wala si wao peke yao waliokasirika. Desemba 2001 kanisa moja la Alamogordo, jimbo la New Mexico, liliwasha moto likachoma vitabu vya Harry Potter, na mwaka uliofuata, 2002, Umoja wa Falme za Kiarabu ukavipiga marufuku katika shule za binafsi. Kwa hiyo asije mtu akasema hili ni la makafiri tu.

Lakini hoja yao inavunjika ndani ya kitabu chao wenyewe. Wanaochoma hupenda kutaja Matendo ya Mitume, sura ya 19, ambapo watu wa Efeso walichoma vitabu vya uchawi vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Someni vizuri. Waliochoma walikuwa wachawi wenyewe waliotubu, na walichochoma ni vyombo vyao vya kazi. Hawakuingia chumbani kwa mtoto wakachukua hadithi. Tena wengi wa hao hao wanaomkataa Rowling wanawanunulia watoto wao vitabu vya Narnia, ambavyo cha kwanza kilitoka 1950 na kimejaa uchawi tangu jina lake. Tukiuliza kwa nini, tunaambiwa mwandishi wake, C. S. Lewis, alikuwa Mkristo mzuri. Basi kumbe shida haikuwa uchawi!

Sisi sihri hatuifanyii mzaha. Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) ametueleza katika Suratul Baqarah, aya ya 102, kwamba mashetani ndio waliokufuru wakiwafundisha watu sihri. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameihesabu pamoja na shirki miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza. Yeye mwenyewe alirogwa na Labiyd bin al-A'swam, kwa kitana na nywele zilizotiwa kisimani, na habari hiyo imo katika Swahiyh al-Bukhaariy. Tazameni basi sihri ya kweli ilivyo: inataka nywele zako, jina la mama yako, fundo, damu, na shetani wa kutumikiwa. Katika miaka yetu yote ya kufundisha hatujaona mtoto aliyejifunza haya kwa kusoma juu ya mvulana anayepanda ufagio.

Tumeona waliojifunza kwingine. Nani katika sisi hajayaona yale matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo na kuta za mji huu: kurudisha mume, kushinda kesi, kupata visa, kupata utajiri, piga simu namba hii? Nchi hii ina sheria ya uchawi tangu 1957. Mwaka 2009 polisi walilazimika kuunda kikosi maalumu cha kupambana na kafara ya binadamu, kwa sababu watoto walikuwa wakiokotwa wamekatwa viungo. Mwaka 2021 Bunge likapitisha sheria mahususi ya kuzuia kafara hiyo. Nyuma ya matukio hayo hakukuwa na kitabu cha hadithi. Kulikuwa na mtu mzima anayetaka mali, na mganga anayemwambia bei yake.

Na hapa ndipo aibu inapotugusa sisi, walokole wakae pembeni kidogo. Wangapi katika waganga hao wanajiita "sheikh" na "maalim"? Wanavaa kanzu kama zetu, wanashika tasbihi, wanaandika herufi za Kiarabu, na mteja asiyejua kusoma anadhani ameandikiwa Qur-aan. Mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, Swalah zake za siku 40 hazikubaliwi, Hadiyth hiyo ameipokea Imaam Muslim. Lakini hatusikii khutba nyingi juu yao. Pengine kwa sababu baadhi yao huchangia ujenzi wa misikiti, nasi hatuulizi.

Siku ya tatu mzazi alirudi, amempakata mwanawe mdogo. Mkononi mwa mtoto kulikuwa na hirizi ya ngozi nyeusi. Tukamuuliza ametoa wapi. Kwa sheikh mmoja, akasema, baada ya mtoto kulia usiku, shilingi 50,000. Tukamwomba ruhusa tuifungue. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya hirizi yenye Qur-aan tupu, lakini humu hamkuwa na aya hata moja. Mlikuwa na jedwali la namba na majina manne ambayo si ya Malaika wala ya Mitume tuwajuao. Tukaweka kile kikaratasi kando ya kile kitabu kinene, tukamuuliza, "Hajji, kipi cha kuchoma?" Hakujibu.

Kitabu hakina usalama wote, tusije tukaeleweka vibaya. Ndani yake uchawi ni kipaji cha kuzaliwa nacho, kizuri kwa mwema na kibaya kwa mwovu, na hiyo si itikadi yetu. Kwetu hakuna sihri njema. Ndiyo maana tulimwita binti mbele ya baba yake tukaketi naye. Yeye ndiye aliyeanza kuuliza. "Ustadhi, Nabii Sulaymaan naye alikuwa mchawi? Mbona alitumikiwa na majini?" Swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa mwaka huu! Tukamsomea ile aya ya 102, kwamba Sulaymaan hakukufuru, tukamweleza tofauti ya muujiza anaopewa Nabii na sihri anayojifunza mtu kwa shetani. Alikuwa amehifadhi Suratul Falaq tangu ana miaka mitano, na siku hiyo ndipo alipojua wale wanaopuliza mafundoni ni akina nani.

Kitabu amekirudisha kwa mwenyewe kwa wakati, maana kilikuwa amana. Cha pili ameahidi kukileta madrasa kwanza, tusome pamoja. Kuhusu hirizi, baba yake amesema atazungumza na mama wa mtoto, maana pesa ilikuwa ya mama. Tumempa hadi Ijumaa.