Walenisi Haikualikwa

Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi alimpandisha Dzombo kwenye chombo cha angani. Dzombo alikuwa amehukumiwa kifo, na chombo hicho ndicho kilichokusudiwa kummaliza. Akajifunza kukiendesha akiwa humo humo ndani, akatua katika sayari iitwayo Walenisi, ambako watu wanaishi kwa haki. Likate jina hilo vipande: wale ni sisi. Riwaya yote iko kwa Kiswahili.

Mwaka huu, hapa Arusha, nilikaa saa sita katika kongamano dogo la hadithi za kisayansi na kitabu hicho hakikutajwa hata mara moja. Hazikutajwa Nagona (1990) wala Mzingile (1991) za Kezilahabi. Haikutajwa Bina-Adamu! ya Wamitila (2002). Historia, kwa mujibu wa mzungumzaji mkuu, inaanza 2009 na filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi. Filamu ile ni nzuri, naipenda, lakini si mwanzo. Alisema, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba fasihi ya aina hii ndiyo kwanza inabisha hodi kwetu. Ukumbi ukapiga makofi.

Sina nia ya kuwacheka waandaaji. Kukusanya vijana arobaini Jumamosi nzima wazungumzie vitabu, katika mji ambao Jumamosi ni ya nyama choma Kwa Mrombo, si kazi ndogo. Kijana mmoja alijitengenezea vazi la roboti kwa maboksi na foili ya kufungia chipsi, na alilivaa kuanzia asubuhi bila kulalamikia joto. Watu wa namna hiyo wanastahili kuambiwa ukweli kuhusu urithi wao.

Wakati wa maswali nilinyoosha mkono, nikauliza kwa Kiswahili. Dada aliyeongoza kikao akaniambia kwa upole, "Kaka, tunaomba Kiingereza, kwa ajili ya wageni." Wageni walikuwa wawili. Mmoja wao anaishi Usa River miaka mingi na hupatana bei ya parachichi sokoni Tengeru kwa Kiswahili kinachonizidi mimi.

Najua jibu ambalo wengi mtanipa: Kiingereza ndicho kinacholipa. Sasa tazama China. Liu Cixin aliandika kwa Kichina. Riwaya yake ya The Three-Body Problem ilitoka kwa mfululizo mwaka 2006 katika jarida la hadithi za kisayansi la mji wa Chengdu, jarida lililoanza 1979, kwa wasomaji wa Kichina. Tafsiri ya Kiingereza ikaja 2014, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya Hugo. Mwaka 2023 mashabiki wa dunia wakafunga safari hadi Chengdu kwa ajili ya Worldcon, mkutano ulioanza New York mwaka 1939 na ambao haujawahi kukanyaga Afrika. Wachina hawakusubiri wageni ndipo waanze kuandika. Walikuwa na jarida, wahariri na wasomaji waliogombana wenyewe kwa wenyewe kwa miaka mingi. Sisi tunataka kuruka hatua hiyo yote twende moja kwa moja kwenye tuzo.

Na suala hili ni kubwa kuliko vitabu. Mtoto wa Tanzania anajifunza sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza anaamka na kukuta fizikia imehamia lugha nyingine. Sera ya Elimu ya 2014 iliahidi Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote; muongo ukapita na yule mtoto bado anakariri maana ya "velocity" bila kuielewa. Istilahi si kisingizio, maana Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Hadithi ya kisayansi ndiyo mahali pekee ambapo neno kama mnururisho au kani lingeweza kutoka kwenye kamusi likaingia mdomoni mwa mhusika anayeogopa, anayependa, anayetoroka. Tukiifanya nayo kuwa ya Kiingereza, tumefunga mlango wa mwisho.

Arusha hasa ndiyo inayonikera. Huu ni mji ambao Januari 1967 wakuu wa TANU walikaa, na Februari 5 Azimio likatangazwa: maandishi ya Kiswahili yanayoeleza nchi ambayo ilikuwa haijawahi kuwepo. Lipende au lichukie. Waliohamishiwa vijijini kwa nguvu miaka ya sabini wanajua kwamba maandishi kuhusu kesho yanaweza kubomoa nyumba ya mtu. Lakini angalau mkulima aliweza kuyasikia redioni na kuyabishia. Nani atabishia kesho inayochorwa kwa lugha asiyoielewa?

Mchana tulijadili jinsi ya kupata maji Mars. Dirishani, mawingu yakifunguka, Meru ulionekana, mlima wa volkano ambao maji yake yana floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Arumeru kuna vyanzo vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa, na ukitaka ushahidi mwombe mtu wa huko atabasamu. Meno ni kahawia. Kwa baadhi ya watoto madhara hufika mifupani. Na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambako floraidi huondolewa majini kwa kuyachuja kupitia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mlima unaopaka rangi meno ya watoto, na watu wanaojitetea kwa mifupa ya mifugo: ukiipeleka hadithi hiyo Toronto, watasema mwandishi ana ubunifu wa kutisha. Sisi tulikuwa Mars.

Kongamano lijalo liendeshwe kwa Kiswahili, na wageni wapewe mkalimani wa kuwanong'oneza, kama inavyofanyika katika kumbi za mikutano za mji huu huu. Mezani pale mlangoni, pamoja na vibeji na stika, iwekwe nakala ya Walenisi, hata kama ni moja ya kuazimana. Na kabla ya mada ya Mars, aitwe mtu kutoka Ngurdoto atueleze mfupa unachomwa kwa joto gani.